Kutunga Shairi na Hadithi Fupi kwa Mambo Unayoyajua

Mtahiniwa, swali la kutunga halina jibu la kukariri. Ndiyo maana wengi hulikimbia, na wanaolijibu hujibu kwa maneno waliyoyasikia kwenye risala za mahafali. Nafundisha Kiswahili kidato cha nne hapa Ruangwa, na madaftari ya wanafunzi wa Nachingwea nayo hunifikia. Katika madaftari hayo yote nimesoma mashairi mengi kuhusu bahari, ilhali watunzi wake hawajawahi kuiona. Kuhusu mkorosho ulio nyuma ya darasa lao, nimesoma mawili tu.

Somo hili litakuonyesha namna ya kutunga shairi la kimapokeo hatua kwa hatua, kisha tutagusa shairi huru na hadithi fupi. Kuhakiki diwani na riwaya ulizosoma ni mada nyingine, na imo katika sura zake.

Ubeti uliotimia usio na kitu

Anza kwa kuusoma ubeti huu. Nimeutunga mwenyewe kwa kuiga ninaoletewa kila mwaka.

Elimu ni kitu chema, wanafunzi tuipende,
Tusome tangu mapema, mbele sote tukaende,
Mwalimu naye kasema, vitabu vyetu tutende,
Elimu ni ufunguo, wa maisha duniani.

Hesabu mizani: kila mshororo una 16, nane katika ukwapi na nane katika utao. Kina cha kati ni *ma*, cha mwisho ni *nde*, na kibwagizo kipo. Kwa umbo, ubeti huu ni tarbia halali kabisa. Sasa jiulize umeona nini. Hujaona shule, hujaona mwanafunzi, wala hujui anayesema ni nani na anasema kwa nini. Tena tazama utao wa mshororo wa tatu, "vitabu vyetu tutende". Vitabu hutendwaje? Hapo kina kimemburuta mtunzi hadi mahali asipotaka kwenda. Alihitaji *nde*, akaokota neno la kwanza lililokuwa nalo.

Sheria za vina na mizani ni za zamani na zina heshima yake. Amri Abedi alizieleza katika kitabu chake *Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri* kilichotoka mwaka 1954, na hadi leo walimu tunazifundisha. Lakini sheria hizo ni kama kipimo cha mizani ghalani. Kipimo hukuambia gunia lina kilo ngapi, na hakikuambii kama ndani mna korosho au mna mchanga.

Pata la kusema kwanza

Kabla ya kufikiria vina, andika kwa lugha ya kawaida, sentensi nne au tano, jambo unalolijua. Usiandike mada, andika tukio. "Umaskini" ni mada. Hili hapa ni tukio:

*Mwezi wa saba mtoto wangu aliumwa homa. Sikuwa na hela. Akaja mtu akanipa hela, nami nikamwahidi korosho, mikorosho ikiwa bado na maua. Mwezi wa kumi mnada umefika, wenzangu wanauza. Mimi nina deni.*

Huhitaji kuelezwa hayo ni nini. Ni kangomba. Msimu wa mwaka 2018, Serikali ilipotangaza kununua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, neno hilo lilisikika redioni nchi nzima, lakini sisi wa Nachingwea, Ruangwa na Liwale tulikuwa nalo siku nyingi. Linajulikana sebuleni kwenu kuliko neno "utandawazi" ambalo unapenda kuliweka kwenye shairi.

Zingatia pia kwamba katika sentensi hizo tano hakuna anayelaumiwa. Mtunzi mchanga hukimbilia kumkemea mkulima: acha kangomba, ewe mkulima, zinduka! Anayeuza maua ya mkorosho anajua fika kuwa anapunjwa, na kumwambia tena hakumwongezei kitu. Kazi yako ni kumfanya msomaji aliyeko Bukoba, ambaye hajaona mkorosho maishani mwake, aelewe kwa nini mtu mwenye akili timamu huuza namna hiyo.

Chagua vina kutokana na maneno mazito

Sasa tafuta katika sentensi zako maneno mawili au matatu yasiyoweza kukosekana. Katika tukio letu ni *kangomba*, *hela* na *ghala*. Hayo ndiyo yabebe vina, kwa sababu sauti ya msomaji hupumzika hapo. Andika pembeni, kwa penseli, maneno mengine yanayoishia vivyo hivyo:

*-la*: hela, ghala, chakula, mahala, kalala, bila
*-mba*: kangomba, shamba, nyumba, chumba, kuomba, kamba, simba, mwamba

Orodha hii ichukue dakika mbili, na itakuokoa. Mtunzi asiyekuwa nayo hufika mwisho wa mshororo akiwa hana pa kwenda, ndipo "vitabu hutendwa".

Tahadhari moja kwa sisi ambao nyumbani tunaongea Kimwera, Kimakonde, Kiyao au Kimakua. Herufi *l* na *r* hutuchanganya. Ukiandika "hera" badala ya "hela", umeharibu tahajia na umeharibu kina papo hapo. Tamka neno polepole kabla hujaliandika.

Hesabu kwa vidole

Mizani ni silabi zinazotamkwa. Piga kidole kimoja mezani kwa kila silabi. *Ufuta* ni tatu: u-fu-ta. *Mbaazi* ni tatu: mba-a-zi. *Ruangwa* ni tatu: ru-a-ngwa. *Nachingwea* ni nne: na-chi-ngwe-a.

Wanaokosea hukosea kwenye *m* na *n*. Katika *mkulima*, *mnada*, *mtu* na *Mtwara*, *m* inasimama peke yake, hivyo ni mizani kamili: m-ku-li-ma ni nne, m-na-da ni tatu, m-tu ni mbili, m-twa-ra ni tatu. Lakini katika *mbegu* na *Mbekenyera*, *m* imeungana na *b*: mbe-gu ni mbili, mbe-ke-nye-ra ni nne. *Nchi* ni mbili, kwa kuwa *n* inatamkwa yenyewe. Maneno ya kigeni yenye konsonanti mbili zilizogongana, kama *Oktoba*, huleta ubishi: wapo wanaohesabu tatu na wapo wanaohesabu nne. Kwenye mtihani usijitafutie ubishi. Andika "mwezi wa kumi".

Turudi kwenye tukio letu. Sentensi ya kwanza, kwa bahati, ina mizani 16 tayari:

Mwezi wa saba mtoto, wangu aliumwa homa

Je, tuichukue? Hapana. Kituo kimeangukia kati ya "mtoto" na "wangu", maneno ambayo hayataki kutenganishwa. Isome kwa sauti, utasikia inavyokwama. Kila kipande kinatakiwa kisimame kwa miguu yake, angalau nusu ya maana iwe imekamilika unapovuta pumzi. Kosa hili halionekani kwa kuhesabu, huonekana kwa kusikiliza. Ndiyo maana nasisitiza usome kwa midomo hata ukiwa kwenye chumba cha mtihani. Tikisa midomo bila kutoa sauti, msimamizi hatakufanya kitu.

Tukabadilisha "mtoto wangu" kuwa "mwana", "amelala" tukaifupisha kuwa "kalala", na "mwezi wa saba" ikawa "Julai". Kufupisha neno namna hiyo huitwa inkisari, na ushairi unaruhusu. Usiitumie kila mshororo, lakini.

Julai mwana kalala, na homa ndani ya nyumba,
Akaja mtu na hela, biashara ya kangomba,
Nikauza bila ghala, zingali maua shamba,
Korosho za Nachingwea, mwenye shamba hazioni.

Mwezi wa kumi mnada, bei nzuri wamepata,
Wenzangu wana faida, mabati wameyaleta,
Mimi nalipia shida, ya homa iliyopita,
Korosho za Nachingwea, mwenye shamba hazioni.

Chukua dakika chache uyakague. Katika ubeti wa kwanza, neno "korosho" halitajwi hadi kibwagizo. Msomaji anauliza "zingali maua" ni nini, na kibwagizo kinamjibu. Katika mshororo wa tatu orodha yetu ilikuwa na kishawishi, neno *simba*. Ingewezekana kabisa kuandika "nikafungwa kama simba", mizani nane na kina sahihi. Simba gani? Hakuna simba katika tukio letu, kwa hiyo tulimwacha porini kwake Selous.

Ubeti wa pili umebadilisha vina kuwa *-da* na *-ta*. Inaruhusiwa, mradi kila ubeti uwe na urari wake ndani. Mabati yametajwa kwa sababu ndiyo watu hununua wakiuza korosho vizuri. Ningeweza kuandika "maendeleo waleta", mizani ni ileile, lakini maendeleo hayaonekani kwa macho, mabati yanang'aa hadi barabarani. Kila unapotaka kuandika neno kama *maendeleo*, *furaha*, *mateso* au *maisha bora*, jiulize: ningepita hapo kwa miguu, ningeona nini?

Shairi halijaisha. Ubeti wa tatu nimekuachia, utaukuta katika mazoezi.

Maneno ya kwetu

Wanafunzi huniuliza kama waruhusiwe kuandika *uraka*, *mabibo*, *ubwiriunga* au *salfa* wakati msahihishaji anaweza kuwa ametoka Kigoma. Jibu ni ndiyo, ila mazingira ya neno yaeleze maana yenyewe. Ukiandika "salfa" peke yake, msahihishaji atafikiria maabara ya kemia. Ukiandika kwamba baba alitoka kwenye mikorosho alfajiri akiwa na mashine mgongoni, nyusi zimekuwa njano kwa salfa, ameelewa kila kitu, na amemwona baba. Usiweke tafsiri kwenye mabano ndani ya shairi. Shairi lenye mabano ni kama suti yenye kiraka. Lugha ya mtaani nayo ina nafasi yake, yaani kinywani mwa mhusika wa hadithi. Isitoke kinywani mwa msimulizi.

Shairi huru

Soma swali vizuri. Likisema "shairi la kimapokeo" au "tarbia", vina na mizani ni lazima. Likisema "shairi" bila kufafanua, una hiari. Euphrase Kezilahabi alitoa diwani yake ya *Kichomi* mwaka 1974 kwa mtindo usiofuata urari wa vina na mizani, na ubishi uliofuata kati ya wanamapokeo na wanausasa bado unaulizwa katika mitihani. Ushauri wangu ni kwamba mtahiniwa mwenye hofu atunge la kimapokeo, kwa sababu umbo lenyewe linamshika mkono. Shairi huru halina wa kukushika. Likikosa picha kali, hubaki insha iliyokatwakatwa.

Huu ni mfano mfupi. Kabla hujausoma, kumbuka kwamba mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianzisha mradi mkubwa wa karanga katika Kongwa, Urambo na Nachingwea. Mradi ulivunjwa mwaka 1951. Reli iliyojengwa kuunganisha Nachingwea na bandari ya Mtwara nayo ilikuja kung'olewa.

Hapa palikuwa na reli.
Bibi anaonyesha kwa fimbo:
treni ilipita kati ya mwembe na choo.
Sasa kuku wanavuka
bila kutazama kulia wala kushoto.

Hakuna kina, lakini kila mshororo una kazi. Historia nzima ya mradi imebaki nje ya shairi. Ndani ameingia bibi na kuku. Tazama pia mahali mishororo ilipokatwa. "Sasa kuku wanavuka" imekatwa hapo ili macho yashuke chini yakakutane na utani.

Nachingwea ina mambo mengi ya namna hii. Ilikuwa na kambi ya wapiganaji wa FRELIMO miaka ya kuikomboa Msumbiji, iliyopata uhuru tarehe 25 Juni 1975. Chama hicho kilichapisha mwaka 1971 kitabu cha mashairi ya wapiganaji wake kwa Kireno, *Poesia de Combate*. Watu waliolala na bunduki walipata muda wa kutunga. Na ukitaka tamthiliya, vita vya Maji Maji vilianzia mwaka 1905 katika vilima vya Umatumbi, mkoa huu huu wa Lindi, na Ebrahim Hussein, mzaliwa wa mkoa huu, akaviandikia *Kinjeketile* mwaka 1969. Muulize babu au bibi yako swali moja tu, kisha nyamaza uandike anachosema.

Hadithi fupi

Hapa nitakwenda haraka, kwa kuwa karibu yote niliyosema juu ya shairi yanaihusu hadithi pia. Katika nafasi ya kurasa mbili za mtihani, chagua siku moja, mahali pamoja na wahusika wawili, ikizidi sana watatu. Usianze na kuzaliwa kwa mhusika. Anza mlango unapogongwa.

Chukua tukio lile lile la korosho, ila sasa ni siku ya kulipa deni:

*Kijana alishuka kwenye pikipiki, akatandaza magunia matupu saba kwenye mkeka bila kuulizwa.*

*"Shikamoo, mzee."*

*"Marahaba, mwanangu. Umekuja mapema."*

*"Mvua ikinyesha zitalowa. Si tulielewana, mzee?"*

*"Tulielewana. Na mtoto amepona, tumshukuru Mungu." Mzee aliyatazama magunia. "Yahesabu vizuri, usije ukasahau moja."*

Katika maneno hayo hakuna "alikasirika" wala "alihuzunika". Kijana ana adabu, ameamkia. Mzee naye amemwita mwanangu. Hasira yote imo katika sentensi ya mwisho, na msomaji ndiye anayeigundua. Ukiongeza "alisema mzee kwa uchungu mkubwa", umemnyang'anya msomaji kazi yake. Alama za mtajo usizisahau, na kila msemaji mpya aanze mstari mpya. Hizo ni alama za bure.

Jambo la mwisho kuhusu hadithi, nalo nalichukulia kwa uzito. Vijiji vyetu ni vidogo. Ukiandika habari ya jirani aliyeuza shamba au ya shangazi aliyeachika, badilisha jina, badilisha kijiji, badilisha hata zao: korosho iwe ufuta. Mwenye habari hakukuruhusu. Na ikiwa ni baba yako, mpe jina la mtu asiyemfahamu yeyote. Utashangaa jinsi utakavyoandika kwa uhuru.

Ndani ya chumba cha mtihani

Mtihani huangukia Novemba, wakati mnada umepamba moto na wengine mmetoka kuokota korosho asubuhi ile ile. Ukifika kwenye swali la kutunga, dakika tano za kwanza andika tukio na orodha ya vina nyuma ya karatasi, kisha uzipige mstari mmoja ili zisisahihishwe. Tunga idadi ya beti ulizoambiwa, hakuna zawadi ya ubeti wa ziada. Lipe shairi kichwa, kisizidi maneno machache. Ukimaliza, hesabu mizani ya kila mshororo kwa vidole, hata wa kibwagizo. Ukikuta mshororo wenye mizani 15, usiubandike "na" au "pia" ili utimie. Tafuta neno refu zaidi lenye maana ileile.

Mazoezi

1. Tunga ubeti wa tatu wa shairi la korosho, msemaji akiwa yule mtu aliyekuja na hela mwezi Julai. Naye ana watoto, na hela ile huenda aliikopa. Tumia kibwagizo kilekile, au kibadilishe kidogo iwapo kinywani mwake hakikai vizuri.

2. Mishororo hii ina kasoro moja moja. Itaje, kisha uisahihishe: (a) Mama kauza mbaazi, tukanunua daftari mpya, (b) Nimefika Ruangwa mjini, jua likiwa la kichwa.

3. Ni siku ya mechi, Namungo inacheza Uwanja wa Majaliwa, Ruangwa. Mama anauza chai nje ya geti na hajawahi kuingia ndani hata mara moja. Andika hadithi fupi ya maneno 300 ambayo haitoki nje ya geti hilo. Bao lifungwe, na msomaji alijue kwa yale tu ambayo mama anayasikia.

4. Tafuta shairi lolote ulilowahi kulitunga shuleni. Lipigie mstari kila neno ambalo huwezi kuliona, kulishika, kulinusa wala kulisikia. Chagua moja kati ya hayo, uweke mahali pake kitu kilichopo nyumbani kwenu, bila kuvunja mizani.